Siku Rugera Ilipokataa Kumzika Mtu wa Angani

Kuna kijiji kiliwahi kutaka kuweka msiba wa mtu aliyefia kwenye televisheni.

Msicheke. Ni kwetu, na aliyesababisha ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1991. Nimemaliza chuo kikuu, nimerudi kwa wazazi Rugera, nina viatu vyeusi vya mahafali na imani kwamba nitaibadilisha Karagwe yote kabla ya mvua za vuli.

Mchana mmoja Landrova tusiyoijua ikaingia kijijini ikikohoa. Akashuka mtu mwenye miwani ya jua.

"Naitwa Leonidas. Nina televisheni, deki na jenereta. Nani hapa anajua Kiingereza?"

Watu wote wakanigeukia. Nilijisikia kama nimechaguliwa ubunge.

"Mkanda ninao mmoja," akasema. "Watu wanasafiri angani. Wewe utatafsiri. Unataka nini?"

"Lifti ya kwenda mjini Kayanga, kesho asubuhi."

Kesho yake nilikuwa na usaili wa kazi ya ualimu wa sayansi, na basi letu lilikuwa bovu wiki nzima. Kazi ile niliitaka kuliko chakula.

"Imekwisha hiyo," akasema Leonidas.

Tukaziba madirisha ya ghala la kahawa kwa magunia. Watu wakajaa mpaka juu ya mizani.

Mbele kabisa akakaa Bibi Kokushubira, na kigoda chake alichotoka nacho nyumbani. Mwanawe Byabato alikwenda vitani mwaka 1978. Hakurudi, wala mwili haukuletwa.

Kwetu mwili ukikosekana, ukoo hukata mgomba na kuuzika mahali pake, msiba ukaisha, watu wakapata kunyoosha miguu. Ndugu walimsihi miaka yote hiyo. Bibi aliwajibu kwamba atakayegusa mgomba wake kwa kazi hiyo atazikwa pamoja nao.

Akanivuta shati.

"Mjukuu wangu, huyo anayesafiri, anarudi?"

Mkanda sikuwa nimeuona. Nikamtazama Leonidas kule nyuma. Akainua kidole gumba.

"Anarudi, bibi. Nakuahidi."

Sinema ikaanza. Baba mmoja anamkumbatia mkewe na binti yake mlangoni, anaingia kwenye chombo, moto unawaka, huyo! Kufika juu akaanza kuelea.

Ghala likalipuka.

"Anatembea kama Rwegoshora akitoka kilabuni!"

Mzee Rwegoshora akajibu kutoka kwenye magunia, "Mimi angalau nagusa chini!"

Kuanzia hapo mtu wa angani akaitwa Rwegoshora. Mwenye jina akavimba kichwa. Kila alipotokea mke wa yule mtu, mzee akasema, "Vumilia, mke wangu, niko kazini."

Mkewe halisi, Mama Anatolia, akamwambia, "Kumbe una mke wa Kizungu? Leo ukalale kwake."

Mtu wa angani alipokamua chakula kutoka kwenye kimirija, Nyirabahire, jirani yetu, akashika kichwa.

"Maawe! Wamempa dawa ya meno! Mkewe hakumfungia hata ndizi?"

Mimi natafsiri, nachomekea na habari za sayari, nafurahi kwamba elimu inaingia.

Ndipo chombo kikaharibika. Baba yule akatoka nje kukitengeneza, amefungwa kamba. Kamba ikakatika. Wenzake wakamngoja mpaka hewa ikawa ndogo, wakafunga mlango, wakarudi. Yeye akabaki anaelea gizani, anamuaga binti yake kwa redio.

Binti akapunga mkono kuelekea juu, machozi yanamtoka. Mkanda ukaisha.



"Mwili uko wapi?" akauliza Nyirabahire.

"Umebaki angani, mama."

"Umebaki? Na wenzake wamerudi kunywa chai?"

Mzee Rwegoshora akasimama kwa heshima zote za marehemu. "Jamani, tukate mgomba tumzike. Na kwa kuwa kuna msiba, kesho hakuna kulima."

Vijana waliokuwa wapalilie kahawa kesho yake wakaangua kilio kuliko wafiwa. "Hakuna kulima! Uwiii! Hakuna kulima!"

"Hakuna mgomba," ikasema sauti ya mbele.

Bibi Kokushubira alikuwa amesimama.

"Lakini amekufa, Kokushubira," akasema Mzee Rwegoshora. "Tumeona wote."

"Mmeona kamba ikikatika. Nani ameona akifa?"

Bibi akanigeukia.

"Uliniahidi."

Nikamfuata Leonidas kwenye deki, nimeiva kwa hasira. "Si ulinionyesha kidole kwamba anarudi?"

"Nilikuwa nakuonyesha kwamba jenereta iko sawa!"

Alikuwa ameshazima televisheni ili arudishe mkanda mwanzo. Nikasikia ule mlio wa mkanda unavyokimbia, kikanijia kitu.

"Ukirudisha huku televisheni inawaka, picha zinaonekana?"

"Zinaonekana. Ila hapo unakwenda polepole, na petroli iliyobaki ni ya kutufikisha Kayanga kwa kubembeleza. Ikiungua hapa, mimi nitasubiri lori la kahawa, na Mama Anatolia kashaniahidi kuku. Wewe na usaili wako je?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikamtazama bibi, bado amesimama.

"Washa."

Machozi ya binti yakapanda yakarudi machoni. Kutoka gizani mtu akaonekana, visigino mbele. Kamba ikajiunga. Wenzake wakamfungulia mlango.

"Anakuja! Anakuja kinyumenyume!"

"Mwacheni aje anavyoweza, mtu katoka mbali!"

Chombo kikaumeza moto wake wote, kikashuka taratibu kama kuku anayelalia mayai. Mtu wetu akarudi nyuma, nyuma, mpaka mlangoni kwake, mikononi mwa mkewe na binti yake.

Sikutafsiri neno. Hakuna aliyeniuliza.

"Zima!" akasema Bibi Kokushubira. "Zima hapo hapo, kabla hawajamwita tena."

Leonidas akazima. Nje jenereta ikakohoa mara moja, ikanyamaza yenyewe. Petroli imekwisha.

Bibi akabeba kigoda chake. Alipofika mlangoni akanishika mkono.

"Umeona, mjukuu wangu? Wanarudi kinyumenyume. Ndiyo maana wanachelewa."

Kesho yake nilikwenda Kayanga kwa miguu. Nilifika viti vinarudishwa stoo, kazi imepata mtu, na kiatu kimoja kimefungua mdomo.

Kijiji kizima kililima siku hiyo, kasoro Mzee Rwegoshora. Alisema ana uchovu wa safari.

Mgomba wa Bibi Kokushubira haukukatwa.

Nanyi mnaonisoma, msimwahidi mtu mwisho wa sinema ambayo hamjaiona. Lakini ukishaahidi, rudisha mkanda, hata kama hiyo ndiyo petroli yako ya mwisho.