Kijiko cha Dawa

Philister alikata kipande cha keki, akakionja, akakitema kiganjani. Chungu kama klorokwini. Na kesho Cate, jirani yake kwenye ploti hapo Riruta, angeichukua iende kwa ubatizo wa mwanawe, Jeremy. Unga uliobaki ulikuwa nusu tu ya ule aliotumia.

"Uliweka beking pauda ngapi?" bintiye Awuor akauliza.

"Kijiko kimoja cha mezani, kama pakiti inavyosema."

"Kilichojaa mlima?"

"Sasa kijiko bila mlima ni kijiko? Mimi si mchoyo."

Awuor akacheka. "Hii si sukari ya wageni, mathe. Unasawazisha kwa kisu. Na shuleni tulifunzwa vijiko vitatu vya chai ni kimoja cha mezani."

Basi nusu ya unga ilitaka kimoja na nusu cha chai. Lakini Philister hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Alijaza maji kwenye kijiko chake cha chai, akayamimina kwenye kile cha mezani. Cha pili kilipoingia, maji yakamwagika. Akarudia. Viwili tena. Nani mwongo, shule au kijiko?

Akakigeuzageuza mkononi. Kijiko kipana chenye kina, ndicho watoto walichokulia wali. Nani alisema ni cha chai? Ni yeye mwenyewe.

Akatoa kabatini kijiko cheupe cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi, kimeandikwa mililita tano. Hicho alikiamini; alikuwa amewanyweshea watoto wake wote dawa, akiogopa kuzidisha hata tone. Akamimina kimoja, viwili, vitatu. Kijiko cha mezani kikajaa hadi ukingoni, kikatulia.

"Heh! Awuor, njoo uone!"

Aliyekuja ni Cate, akasimama mlangoni. "Mama Awuor, keki inaumwa? Mbona unaipa dawa?"

"Ya kwanza ndiyo ilikuwa mgonjwa. Hii naipimia. Usinitingishe mkono."

Akapima beking pauda kwa kijiko cha dawa, akisawazisha kwa kisu, kimoja na nusu, akakoroga, akaweka sufuria jikoni, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Hakufunua mpaka harufu ilipojaa chumba. Akaichoma katikati kwa njiti, ikatoka kavu.

Akamega kidogo upande wa chini, akala nusu, nusu akampa Cate. Cate akatafuna, Philister akimkodolea macho mdomoni. Halafu mkono wa Cate ukaelekea kwenye sufuria.

Philister akaupiga kofi. "Wacha! Ni ya Jeremy!"