Kicheko cha Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba huyu wa Makambako hucheka ndani ya kitenge. Likija la kuchekesha, huvuta pindo upesi akajiziba mdomo, mabega yakabaki yakirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya viazi. Alijifunza hivyo miaka ile ya kupanga kule Njombe, mtaa wa Ramadhani, ambako kila mwenye nyumba alimgongea ukuta: "Wewe mama, punguza sauti!" Akauza viazi, akafyatua tofali, akasimamisha vyumba vinne. Leo anamngoja mpangaji wa kwanza, na majirani wamemwonya: usipokaza uso siku ya kwanza, utapandwa kichwani. Basi ameukaza, funguo kaziminya kiganjani, na kimoyomoyo anawaza, je, asipokuja mtu?

Akaja binti mshonaji, cherehani kichwani, mtoto mgongoni. "Shikamoo mama. Natafuta chumba. Na masharti yake?"

"Marahaba. Masharti..." Mtoto akautazama ule uso uliokazwa, akaangua kicheko, ukumbi mtupu ukaitikia kwa mwangwi. Binti akamtikisa kwa hofu. "Nyamaza wewe, tutafukuzwa tena!"

Mkono wa mama mwenye nyumba ukaenda kwenye pindo, ukafika, ukaliacha. Kicheko kikamtoka chote kwa mpigo, hata fundi Yusto, aliyekuwa akipigilia bati la mwisho juu ya paa, akadondosha nyundo. "He! Mama, kumbe una sauti hivyo?"

"Mwache acheke, mwanangu," alisema akimtupia binti funguo, machozi yakimtiririka. "Unadhani tofali zote hizi nilizifyatulia nini?"