Shemeji alimpima mama wasiwasi kwa link ya simu

Wakuu, hamjambo. Leo nina hasira, kwa hivyo msinisahihishe tahajia. Haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na asiyetaka kuamini aende akasome nyuzi za mpira, ziko tele humu jukwaani.

Mimi ni mwalimu, nafundisha hapa Suna, Migori. Mama yangu anaishi kijijini upande wa Homa Bay. Dada yangu ameolewa Homa Bay mjini, na mumewe anafanya kazi ya ofisi. Shemeji si mtu mbaya. Shida ni kwamba tangu ahudhurie seminar ya afya ya akili pale kazini, amekuwa daktari wa ukoo mzima bila kuombwa.

Mwaka huu mama alianza kukonda. Mikono inatetemeka akishika kikombe, moyo unakwenda mbio akiwa ameketi tu, jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi.

Nikasema nimpeleke hospitali. Shemeji akasema nisihangaike, hizo ni dalili za panic, yaani wasiwasi wa ghafla, na yeye ana link ya app ya kuupima.

Link, wakuu. Mtu anakwisha mbele yako, wewe una link.

Jumapili akamwita mama kwake apimwe. Nilikuwepo.

Wale wa mbali niwaeleze kidogo. Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mkwewe wana heshima kali. Mama mkwe haruhusiwi kulala nyumbani kwa mkwe, na kula mbele yake ni taabu. Watu wengi wamelegeza siku hizi. Mama yangu hajalegeza hata kidogo.

Basi huyo ndiye aliyeketishwa sebuleni kwa mkwe, aulizwe na mkwe mambo ya ndani ya moyo wake, chai ikipoa mezani kwa sababu hawezi kuigusa.

Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Shemeji anasoma, dada anatafsiri kwa Dholuo, mama anajibu akiangalia zulia.

Kuna mahali unapaepuka? Ndiyo, siku zote. Bila shaka, mahali penyewe ni pale alipoketi!

Unaona vigumu kula au kunywa mbele ya watu? Ndiyo.

Huwa unatamani kuondoka ulipo? Hapo mama alijibu kabla dada hajamaliza kutafsiri.

Mwisho akaulizwa kama anahofia jambo baya litampata. Akasema ndiyo kwa sauti ndogo. Shemeji akabonyeza.

Matokeo yakatoka na rangi nyekundu: severe, yaani hali mbaya sana. Shemeji alifurahi kama aliyepasi mtihani. App ikaagiza mazoezi ya kupumua, na shemeji akaamuru hakuna hospitali mpaka mazoezi yaishe. Nilibisha mpaka nikaambiwa nina stigma, eti nanyanyapaa wagonjwa wa akili. Dada alikuwa upande wa mumewe, mama naye hakutaka kuwagombanisha.

Nilipomsindikiza stage ya matatu ndipo akaniambia la moyoni.

"Nyathina, mwanangu, ile siku ya mvua kubwa nililala kwa hiyo nyumba. Tangu hapo naisha tu. Mimi najua ni chira. Sasa ningemwambia aje na yeye ndio ameketi hapo?"

Chira ni ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko, kwa wanaoamini. Kumbe mama alikuwa anangoja kufa, na alikuwa ameona aibu kusema. Nilishikwa na uchungu, wakuu.

Akaendelea kupumua kwa maagizo ya simu. Dada akawa anatuma screenshot kwenye group ya familia, eti mama amepewa nyota na app.

Mama wa nyota akaanguka kanisani.

Safari hii sikuuliza mtu. Tulipofika hospitali, daktari alimuuliza maswali yanayofanana na yale ya simu. Tofauti ni kwamba alitutoa nje kwanza, na mama alinisimulia baadaye kuwa kila akijibu ndiyo, anaulizwa kwa nini. Kisha akampapasa shingo, akaagiza damu ipimwe.

Ilikuwa thyroid. Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, na moyo ulikuwa umeanza kuchoka. Akalazwa. Daktari alisema tungezidi kuchelewa, tungeongea mengine.

Msinielewe vibaya. Wasiwasi ni ugonjwa kweli. Mwalimu mwenzangu wa Rongo ana panic, anatibiwa, na mwenyewe alianza kwa kujaza maswali kama hayo. Lakini aliyapeleka kwa mtu anayejua kazi yake. Hakuachiwa mkwe na simu.

Mama anaendelea na dawa, mwili unarudi. Shemeji alikuja kumwona wodini akasema hata app ilikuwa imegundua kuna kitu. Mdomo ni mali yake.

Niliyojifunza: simu inajua ulichojibu, haijui ulijibu kwa nini. Kama kwenu kuna daktari wa link, mlete hapa tumjadili. Na kama link ilikusaidia kweli, sema pia, sitakutukana.

Kitu kimoja tu kabla hamjaanza. Siku alipolazwa, nikiwa kando ya kitanda, niliifungua ile link nikajijazia. Unashindwa kula? Ndiyo. Moyo unakwenda mbio? Ndiyo. Unahofia jambo baya litatokea? Siku zote.

Ikaniletea nyekundu ileile, severe, na mazoezi ya kupumua.

Sikuwa na ugonjwa wowote, wakuu. Nilikuwa naogopa mama atakufa.