Maksai Waliokataa Kulima Ngitili

Shule niliishia la pili, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua ikianza mnayafunga, ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua, na kiangazi kikichoma ndipo mnafungua. Yangu, hapa nje kidogo ya Bariadi, haina uzio. Zamani hakuna aliyehitaji kuambiwa. Siku hizi watu wakiona nyasi ndefu wanasema pori, uvivu. Wajukuu zangu wanajua aina zote za simu, ila nyasi zote kwao ni nyasi tu.

Mume wangu alipofariki, mdogo wake akataka tuilime ile ngitili, tupande pamba. Nikakataa. Mbuga yote hadi mtoni ilishakuwa mashamba. Ile nayo ikiisha, ng'ombe wetu wangekula nini, makopo? Pamba siichukii, jamani, hata kanga za harusi yangu zilitoka kwenye pamba. Lakini niendelee.

Mvua za kwanza, huyo, kaja na plau na maksai wanne.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Unamlimia nani?"

"Sisi wote. Nyasi haziuzwi Maswa, shemeji."

Nikachukua kigoda, nikakaa katikati ya ngitili. "Basi anza kunilima mimi."

Akacheka, akawaswaga. Sasa, alisahau jambo moja. Wale maksai tangu ndama, kila kiangazi, walikuwa wanalishwa pale pale. Kukanyaga tu ngitili, vichwa chini, wanakula. Akapiga mjeledi, wapi! Mmoja akalala kabisa na nira yake, mdomo umejaa.

Jirani aliyekuwa anapita kwenda mnadani akasimama. "Mzee, hawa umewaleta kulima au harusini?"

Shemeji mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Akafungua nira. "Haya, umeshinda, wewe na hawa wasaliti."

Kiangazi kilichofuata mto ukabaki mchanga mtupu. Wenzetu waliswaga mifugo hadi huko Meatu, mingine haikurudi. Mimi nikafungua ngitili. Shemeji akaja na ng'ombe wake wote, amevua kofia, akanisalimia. "Mwadila, mayu." Mayu! Mama! Hajawahi kuniita hivyo. Kabla sijaitikia, maksai walishampita. Hakufa hata mmoja, wake wala wangu.

Juzi mbuzi wangu walipotea njia, wakaingia kipande chake alichokuwa akilima pamba, sasa nyasi zimefika magotini. Akatoka mbio na fimbo.

"Shemeji! Ondoa mbuzi wako! Huoni hapa pamefungwa?"