Mjukuu wa Arlene Avaa Kijani

Arlene Dostal alizaliwa Tabor Springs, Kansas, akaolewa hapo hapo, akamzika mume wake hapo hapo, na katika miaka yake sitini na saba hakuwahi kuvaa nguo ya kijani. Si kwamba rangi yenyewe ilimkosea. Kijani ilikuwa rangi ya Nyumbu, timu ya Chuo cha Pawnee Bend, na Arlene alikuwa Nyegere wa Chuo cha Larrabee tangu tumboni mwa mama yake. Yeye rangi yake ilikuwa damu ya mzee: koti, kofia, mlango wa gereji, hata uzi wa kufungia soseji alizotengeneza dukani kwake.

Duka hilo la nyama lilitazamana na ghala la ushirika wa wakulima. Kila Jumatatu asubuhi, msimu wa mpira wa Kimarekani ukifika, watu wazima walikusanyika humo ghalani, kwenye meza iliyo karibu na birika la kahawa, kuwafundisha kazi makocha ambao hawakuwapo kusikia. Arlene alikuwa mwanamke pekee pale na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mbele yake alikaa Gus, mdogo wake marehemu mumewe, mkulima wa ngano aliyestaafu na Nyumbu kindakindaki. Wa tatu alikuwa Merle Teagarden, fundi wa matrekta, Nyegere pia, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuitikia.

"Shemeji, umelala salama?" Gus alizoea kuanza hivyo kila Nyegere wanapofungwa. "Maana juzi nilisikia kilio upande wa dukani kwako, nikadhani unachinja."

"Nilikuwa namlilia kocha wenu," Arlene alijibu. "Jaribio la nne, la mwisho, imebaki yadi moja tu, na yeye anaamuru mpira upigwe teke, wapewe adui! Mtu ana majitu matano ya kilo mia na arobaini pale mbele, halafu anaogopa yadi moja!"

"Wetu mwoga, wenu kipofu. Hajui kusajili."

Jambo hilo lilikuwa kweli, nalo lilimuuma Arlene. Kocha mpya wa Larrabee, mtu mrefu aitwaye Daubner, alikuwa akipanda ndege kwenda Texas na Florida kugombea vijana ambao majina yao yalishavuma, na wale aliowakosa aliwafidia kwa wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine, wa leo hapa kesho kule.

"Anatafuta samli kwa jirani, na kwake ng'ombe wamejaa," alisema Arlene.

"Wamejaa kabisa," aliitikia Merle.

Lakini ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa ligi. Masika yaliyotangulia, Larrabee walitangaza kwamba wanaihama ligi ya zamani, ile ya vyuo vya jirani, na kujiunga na ligi kubwa iliyotanda kutoka bahari hadi bahari. Pawnee Bend hawakualikwa. Mechi ya watani wa jadi, iliyochezwa kila mwaka tangu enzi za babu zao, ilikufa siku hiyo. Gus alilisikia tangazo hilo redioni akiwa ndani ya gari lake. Alishuka, akaja moja kwa moja dukani, akasimama mbele ya mizani bila kununua kitu.

"Kwa hiyo mnatuacha," alisema.

"Hatuwaachi ninyi. Tunafuata televisheni. Wenye fedha wako huko."

"Mtacheza na New Jersey, Arlene. Nani hapa ana mjomba New Jersey? Ukiwafunga, Jumatatu utamtania nani?"

"Dunia inakwenda, Gus. Tungebaki, tungekufa njaa pamoja."

"Mwacha asili ni mtumwa."

"Asili haijengi uwanja."

Gus aliondoka. Jumatatu mbili kiti chake kilikaa kitupu, na kahawa ya ghalani ikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Ya tatu alirudi, akasema tu kwamba mke wake amechoka kumwona nyumbani. Hakuna aliyeomba radhi, na ubishi ukaendelea palepale ulipokatikia.

Basi kilomita chache nje ya mji huo, binti yake Arlene aitwaye Jolene na mumewe walikuwa wakifuga ng'ombe wa maziwa. Mtoto wao Brant alikuwa na miaka kumi na saba, na mlango wa zizi ulikuwa umeshaanza kumbana mabega. Brant hakuwa wa kubeba mpira wala wa kuurusha. Alikuwa wa safu ya mbele, wale wanene wanaoinama na kugongana vichwa vyenye kofia ngumu ili mwingine apite na kushangiliwa. Magazeti hayaandiki habari zao. Arlene hakukosa mechi yake hata moja, na kila mvulana alipomwangusha mtu, yeye alisimama na kuwaambia majirani, "Huyo amelelewa kwa soseji zangu."

Vuli ile ya mwaka wa mwisho wa Brant shuleni, simu ya Jolene ililia akiwa anakamua. Alikuwa Kocha Daubner mwenyewe. Angependa kuja nyumbani.

Arlene hakulala vizuri juma zima. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaza atakayomwambia kocha wa Larrabee siku atakapompata ana kwa ana. Alikuwa na hotuba ya ulinzi, na ya jaribio la nne, na ndefu kuliko zote ilikuwa ya usajili. Jolene aliijua hatari hiyo.

"Mama, utakuja. Lakini utakaa kimya."

"Mimi? Nimesema neno?"

"Bado. Ndiyo maana nakuomba mapema."

Kocha alikuja alasiri ya Jumatano, amevaa viatu vilivyong'aa, akavifuta kwenye mkeka mara mbili kabla ya kuingia. Arlene alikuwa ameoka kolachi, vile vimaandazi vya bibi zake vyenye jamu ya tunda la plamu katikati. Alisimama na sahani, akamtazama mtu aliyemlaani kila Jumatatu, na hotuba zote zikamyeyuka kichwani.

"Unatumia sukari, kocha?" ndilo neno lililotoka.

"Situmii, mama. Lakini hivyo vimaandazi nitavitumia."

Alikuwa mtu mwungwana. Alimsifu Brant kwa mambo ya kweli, si kwa porojo. Alisema miguu yake ni mizito lakini mikono yake ina akili. Alieleza ufadhili wa masomo, chakula, madaktari. Kisha akatandaza ratiba ya ligi mpya mezani, na kwa kiburi kidogo akapitisha kidole: Oregon, New Jersey, California, Maryland.

Jolene aliitazama ratiba hiyo muda mrefu.

"Kocha," alisema, "sisi tunakamua alfajiri na jioni. Jirani anaweza kutukamulia mara moja, akikubali. Siku mbili hawezi, ana ng'ombe wake. Kati ya hizi, zipi naweza kwenda kwa gari na kurudi?"

"Za nyumbani unaweza, mama, ila saa ya kuanza inapangwa na televisheni, na hutaijua mpaka juma lenyewe. Za ugenini..." Alikunja ratiba polepole. "Sitakudanganya. Za ugenini, hakuna."

"Asante kwa kusema ukweli," alisema mumewe Jolene, na hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Arlene alikuwa bado ameshika sahani. Ratiba ile aliijua yote kwa moyo; aliitetea ghalani dhidi ya Gus mpaka mate yakamkauka. Lakini alikuwa hajawahi kuitazama akiwa upande wa mama mtu, mwenye ng'ombe wanaolia zizini saa kumi na moja.

Juma lililofuata alikuja mtu wa Pawnee Bend. Si kocha mkuu, ni msaidizi anayefundisha safu ya mbele, kipande cha mtu aitwaye Maddux. Alifika wakati wa kukamua, akaambiwa asubiri sebuleni, akasema hapana, yeye na Brant wataongea vizuri zaidi zizini. Walikaa huko mpaka giza lilipoanza kuingia. Arlene, aliyekuwa dirishani jikoni kwa Jolene akijifanya anaosha vikombe, aliwaona wameinama wote wawili katikati ya ng'ombe, Maddux akimwonyesha mvulana pa kuweka mguu. Alijua papo hapo. Mtu hahitaji kuambiwa mvua inanyesha akiwa ameshalowa.

Brant alikuja kwake Jumapili, baada ya kanisa. Alimkuta anakata kitunguu cha soseji. Alisimama mlangoni, jitu zima, akikunja kofia yake kama mtu aliyevunja kioo cha jirani.

"Bibi, nina neno, na naomba usikasirike."

"Weka kofia chini kwanza, unaimaliza."

"Nakwenda Pawnee Bend."

Kisu hakikusimama. "Ni kwa ajili ya mama yako?"

"Kidogo. Lakini si hilo tu. Larrabee wana watu saba mbele yangu, na kila mwaka wanaleta waliohama. Nitakaa benchi mpaka nioze. Na nataka kusomea mifugo, bibi, na somo hilo lipo Pawnee Bend. Kocha Maddux ameniambia mwaka wa kwanza sichezi, wa pili tutaona. Nimempenda kwa sababu hakuniahidi."

Arlene aliendelea kukata. Macho yalikuwa yakimtoka maji, na alikishukuru kitunguu kimyakimya. Aliwaza habari za marehemu mumewe Emil, aliyekuwa akimpakata mtoto huyu mbele ya televisheni na kumfundisha kuwazomea Nyumbu kabla hajajua kusema "maji." Halafu akamtazama mvulana mwenyewe, na mikono ile mikubwa iliyokuwa bado ikiikunja kofia kwa kumwogopa yeye, mwanamke asiyemfika hata kifuani.

"Umefikiri vizuri," alisema. "Umefikiri kuliko bibi yako. Njoo hapa."

Brant aliinama, akamkumbatia, na harufu ya kitunguu ikawaliza wote wawili.

"Ila sivai kijani," alisema Arlene ndani ya bega lake. "Usije ukaniomba."

"Siombi, bibi."

Jumatatu Arlene alitembea kuvuka barabara kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Gus alishapata habari. Mji ule habari hazihitaji gari. Alikuwa amemvutia kiti, amemmiminia kahawa, na usoni ana furaha ya mtu aliyeoa mara ya pili.

"Karibu nyumbani, shemeji."

"Nyamaza, Gus."

"Sijasema kitu. Nimesema karibu. Merle, nimesema kitu?"

"Hajasema kitu," alisema Merle.

"Wewe uko upande gani?" Arlene alimgeukia, na Merle akainuka kuongeza kahawa.

Gus alimtania hivyo mwaka mzima, naye akaula utani wote, kwa sababu ulikuwa haki ya Gus. Na kwa namna asiyoweza kuieleza, asubuhi za Jumatatu zilikuwa tamu kuliko zamani. Sasa alikuwa na makocha wawili wa kuwasema badala ya mmoja.

Vuli yake ya pili chuoni, Brant aliingizwa uwanjani. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, jua la kiasi, uwanja mdogo wa Pawnee Bend umejaa robo tatu. Jolene na mumewe walikuwa wamekamua alfajiri na kuendesha gari kwa muda wa saa moja na nusu. Gus alikaa kushoto kwa Arlene, kijani kuanzia kofia hadi soksi. Arlene alikaa katikati ya bahari hiyo na koti lake la damu ya mzee, na watu wa nyuma walimuuliza kama amepotea njia ya kwenda New Jersey.

"Nimekuja kumwangalia mjukuu wangu," aliwajibu. "Namba sabini na moja. Mkimzomea nitawajua kwa sura."

Kipindi cha tatu, Nyumbu wakiwa nyuma kwa pointi nne, likafika jaribio la nne, yadi moja. Kocha akaanza kuita wapiga teke. Arlene alishtukia amesimama juu ya benchi.

"Wewe! Thubutu! Una namba sabini na moja hapo! Kocha gani huyu tunaye, jamani?"

Gus alimshika asianguke, akicheka mpaka kofia ikamvuka. "Tunaye? Umesema tunaye?"

Mpira ulipigwa teke. Nyumbu walifungwa kwa pointi hizo hizo nne, na Brant alicheza vizuri, akakosea mara moja vibaya, akatoka na tope mpaka masikioni. Nje, kwenye maegesho, Arlene alikuwa ameleta soseji na jiko dogo la mkaa. Mvulana alikula sita akiwa amesimama. Jolene alimbusu shavu lenye tope, akaangalia saa, akasema ng'ombe hawajui habari za mpira, na yeye na mumewe wakaondoka mbio.

Arlene alirudi na Gus ndani ya gari lake kuukuu. Njiani walifungulia redio: Larrabee ndiyo kwanza wanaanza kucheza huko Oregon, ambako jua lilikuwa bado juu. Mashamba ya ngano yalipita pande zote mbili, yameanza kuchipua.

"Mnaongoza," alisema Gus baada ya muda.

"Nasikia."

"Kocha wenu leo ana akili."

"Leo tu," alisema Arlene, akaongeza sauti ya redio, kisha akatoa kolachi mbili kwenye mfuko wa karatasi na kumpa shemeji yake ile yenye jamu nyingi.