Sista Odulfa wa Aldewier na Vijiko vya Kuzaliwa

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1868 katika kijiji cha Aldewier, Friesland, binti wa tatu wa Wytze Hoitinga, mchuuzi wa samaki aina ya mkunga, na mkewe Jeltje, akabatizwa Anskje. Wazazi wake walikuwa watu wa sala nyingi na maneno machache; yeye alirithi sala tu, maana kwa kuongea hakuwa na mpinzani. Akiwa na miaka ishirini na mmoja aliingia shirika la masista wauguzi, akapewa jina la Odulfa, na baada ya nadhiri alirudishwa Aldewier kuhudumia wagonjwa majumbani.

Kwetu mtoto akizaliwa, babu yake humpa kijiko cha fedha chenye jina lake. Wakati ule mtoto akiugua alinyweshwa dawa kwa kijiko hicho hicho, kwa heshima, na familia yenye ng'ombe wengi ilikuwa na kijiko kikubwa zaidi. Hakuna aliyeona tatizo, hata Odulfa. Januari 1903 kifaduro kiliingia kijijini, na daktari akaagiza kijiko kimoja cha dawa ya afyuni asubuhi na jioni. Nyumbani kwa akina Tjaarda, mama mwenye nyumba, Rinske, alimkabidhi sista kijiko cha mwanawe Hidde, wa miaka miwili. Odulfa akamimina, akaomba baraka, akamnywesha. Baada ya saa moja mtoto aliitwa asisikie, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

Alimbeba akatembea naye jikoni hadi kengele ya adhuhuri, akimfinya nyayo, akimpangusa uso kwa maji baridi, akimwita jina bila kukoma, huku machozi yakimtoka. Hatimaye Hidde alifumbua macho akaanza kulia kwa hasira, na Rinske akaketi sakafuni, akamwona sista akikitazama kile kijiko kikubwa.

"Kijiko hiki alipewa na babu yake, Sista," alisema. "Sasa unataka kuniambia nimemlisha mwanangu sumu?"

"Si wewe, mama Hidde. Ni mimi. Nilimimina bila kupima."

Tangu siku hiyo alitembea na kikombe kidogo cha kioo chenye mistari ya vipimo, akaingia nyumba kwa nyumba kujaza vijiko maji na kuvimimina humo. Vingine vilibeba kipimo kimoja. Cha Hidde kilibeba vitatu. Wanawake waliudhika. "Anakagua kijiko cha marehemu baba yangu utadhani tumekiiba," alilalamika mke wa mwoka mikate. Malalamiko yalimfikia Mama Mkuu Gerlanda, naye akamwondoa Odulfa kwa wagonjwa na kumpeleka kufua. Alitii kwa miezi kumi na minne, ingawa hakuna anayedai kwamba alitii kimya.

Siku hizo Sista Wivina, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa akianguka kila asubuhi, na wote walisema ni uzee. Odulfa alimwita penye mizani ya nguo chafu.

"Unanipima kama shuka, wewe binti?"

"Shuka hazilalamiki, bibi. Kaa hapo."

Alikuwa na kilo arobaini na tatu. Alipoandikiwa matone yake ya usingizi, miaka ishirini nyuma, alikuwa na sabini. Odulfa alikwenda kwa Mama Mkuu na mapovu mikononi. "Mama, tunampa dawa Wivina wa zamani. Huyu wa sasa itamzidi, atakufa mikononi mwetu." Daktari aliitwa, matone yakapunguzwa, na baada ya wiki Wivina alikuwa imara kiasi cha kusema supu ya mbaazi haina chumvi. Gerlanda, mwanamke mwenye haki, alimwomba Odulfa msamaha mbele ya meza yote, akamrudishia mkoba wake wa uuguzi.

Aliuguza miaka thelathini na minne zaidi, akapumzika katika Bwana tarehe 3 Machi 1938. Hadi leo mtoto akibatizwa Aldewier, babu huleta kijiko, sasa cha kulia uji tu, na parokia hutoa kikombe cha kioo cha kupimia dawa. Nasi tunaoshika chupa ya dawa juu ya mtoto au mzee, tumwige: tumpime kwanza, na tukikosea tuseme ni sisi.

Askofu alipomtuma padre kukusanya miujiza ya Odulfa, mimi ndiye niliyekuwa karani wa padre huyo. Tulibisha kila mlango, na kila mahali tulijibiwa karibu yale yale aliyosema Rinske, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana.

"Kwetu hakikutokea kitu tena, padre. Nilizaa wengine watano. Waliumwa, wakapimiwa dawa kwa kikombe, wakalala. Asubuhi wakaamka."