Jicho Nililokwenda Kumtazamia Ng'ombe

Nilipaswa kumwambia mdogo wangu hapana, na simu ingeishia pale. Badala yake nilisema, “Sawa, nitakuja.” Alikuwa anapiga kutoka Walungu. Mahari ya binti yake ilikuwa njiani, na kwetu ng'ombe wa mahari hapokelewi mpaka mkubwa wa familia amtazame mwenyewe: meno, kwato, mkia. Baba yetu alishafariki. Mkubwa ni mimi.

“Grand, kama hauko, ng'ombe itarudi kwao,” alisema, akiniita Grand kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa. “Na sasa si uko na jicho ya mupya?”

Jicho jipya! Neno hilo liliniudhi. Huku Muhumba, ninakoishi kwa binti yangu, waliamini nimewekewa jicho zima la maiti. Mama mmoja anayeuza mkaa aliniuliza kama usiku ninawaona ndugu za marehemu. Nilichoka kueleza kwamba ni kornea tu, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho. Changu kiliharibika Kamituga, nilipokuwa kijana nikiponda mawe ya dhahabu. Kijiwe kiliruka, kidonda kikaoza, likabaki kovu jeupe. Jicho la kushoto lilinisaidia maisha yangu yote, kisha uzeeni nalo likafa kwa ugonjwa mwingine. Tangu hapo nilikuwa natembea nimeshikwa mkono, hadi binti yangu alipohangaika nikapasuliwa ng'ambo ya mto Ruzizi, nchi jirani. Daktari aliondoa kipande chenye kovu, akashona kingine kilichotolewa kwa mtu aliyekufa, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nikaona tena.

Daktari huyo alirudia maonyo yake hadi nikamkasirikia. Mwili unaweza kukikataa kipande cha mtu mwingine; matone ndiyo yanayouzuia, usiyaache hata siku moja. Jicho likiwa jekundu, likiuma, ukungu ukirudi, usingoje kesho.

Binti yangu aliposikia habari ya safari, aliweka ungo chini.

“Papa, unaenda kuangalia ng'ombe? Na jicho ile? Huyu tonton, ndugu yako, hana akili!”

“Ni siku mbili tu.”

“Na matone?”

“Iko mu mufuko.”

Yalikuwa mfukoni kweli, na mfukoni ndimo yalimobaki. Nilipotoa chupa uani kwa mdogo wangu, alinishika mkono haraka.

“Grand, hapana hapa! Bakwe bakiona unatia dawa, batasema tunapokea ng'ombe na kipofu. Ngoja kwanza baende.”

Nikangoja. Mimi, mtu mzima niliyemaliza sekondari, nilificha dawa yangu kama kitu cha wizi. Ningeweza kuingia chumbani nikaitia humo. Lakini chumba kilijaa wanawake na masufuria, na kila nilipoinuka mtu aliniketisha: mukubwa hatembei-tembei. Na wakwe hawakufika siku hiyo. Mvua ilikuwa imewakwamisha, lakini kila saa tuliambiwa wako karibu; usiku nikalala nikijiambia siku moja haidhuru.

Ng'ombe alifika kesho yake. Nilivua miwani yangu myeusi, nikamzunguka. Alikuwa na doa jeupe pajani na pembe moja fupi kuliko nyingine. Nikasema hivyo mbele ya watu wote.

“Ee, huyu muzee anaona kushinda siye!” mkwe mmoja alipiga kelele, wakacheka. Mdogo wangu alivimba kwa fahari. Nami nilivimba.

Jioni hiyo taa ilianza kunichoma. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu na ukungu umerudi. Nikasema naondoka. Mdogo wangu akanionyesha mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haujanywewa hata nusu.

“Mukubwa akienda mbele ya kasiksi kuisha, ni kusema amekataa bwana harusi. Unataka kuniharibia mutoto?”

Shangazi mmoja alisema nitiwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine akataka asali. Kila mwenye macho mazima alikuwa daktari. Hayo niliyakataa kwa sauti kubwa. Kumbe kukataa nilijua. Kisha nikaketi, tukanywa hadi giza, na usiku pikipiki zinaogopa barabara ile.

Niliporudi, binti yangu alinitazama mara moja tu akaenda kuchukua hati zetu za kuvuka mpaka. Daktari alimulika jicho, akauliza lilianza lini.

“Jana,” nilisema.

“Papa, sema kweli,” binti yangu alisema.

Nilisema kweli. Nilitiwa dawa kali, nikarudi kwa daktari tena na tena, lakini kipande kile kilikwisha kufa, kikawa cheupe chote. Niliomba kingine. Alinieleza kwamba mishipa ya damu imeingia pale panapotakiwa kuwa wazi, na kipya kingekataliwa upesi zaidi. Hakutaka kunidanganya.

Mdogo wangu bado anapiga simu: “Pole, Grand, ni mapenzi ya Mungu.” Inanichosha. Mungu hakunishika mkono pale uani. Na huyo aliyenishika, ningeweza kumsukuma.

Binti yake ameolewa vizuri, ana mtoto. Haya ninayasema kwa mdomo, binti yangu anaandika, na ananiambia nifupishe kwa sababu maharagwe yanaungua. Basi: nilikwenda Walungu ili mdogo wangu asiaibike mbele ya wakwe, nikapoteza jicho langu la mwisho. Sasa ni kipofu, na nitabaki hivyo.